Kituo cha Queen na Reli Ambayo Haikufika

Hotuba iliyotolewa mbele ya Waswahili waishio Toronto. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, kina mama, ndugu na marafiki, vijana mliokuja moja kwa moja kutoka chuoni na mabegi mgongoni: habari za jioni. Itifaki imezingatiwa.

Nianze na swali. Ni wangapi humu ndani mmewahi kuingia kituo cha Queen, mkafika jukwaani, mkagundua treni mnayoitaka iko upande wa pili? Naona mikono. Mingi tu. Basi swali la pili: mlivukaje? Mlishuka ngazi, mkatembea hatua chache, mkapanda ngazi nyingine, mkatokea ng'ambo. Juu ya vichwa vyenu treni zilikuwa zinanguruma. Hakuna aliyesimama kujiuliza kile kichochoro cha chini ni kitu gani.

Kile kichochoro ni kipande cha kituo kingine. Kituo kizima, ndugu zangu, kilichomwagwa zege zaidi ya miaka 70 iliyopita, na mpaka leo hakijapokea treni wala tramu, yale magari ya reli ya barabarani, hata moja. Nyuma ya zile kuta kuna ukumbi unaoelekea mashariki na magharibi, kufuata Mtaa wa Queen, huku treni za Mtaa wa Yonge zikipita juu yake kwenda kaskazini na kusini. Hauna reli. Hauna vigae. Una nguzo za zege, giza, na milango iliyofungwa. Wenyeji huuita Lower Queen. Leo tuuite Queen ya Chini.

Kwa nini mji ujenge kituo halafu usilete reli? Na la pili, ambalo ndilo limetukusanya hapa: sasa Toronto inachimba tena palepale Queen na Yonge. Kwa nini haikuutumia ukumbi uliokuwa ukiisubiri muda wote huo?

Turudi nyuma. Wakati wa Vita Kuu ya Pili petroli na matairi vilikuwa vya mgao, magari yakalala, na watu wakajazana kwenye tramu. Nauli zikaingia. Vita vilipokwisha, shirika la usafiri la jiji, TTC, lilikuwa na akiba ya fedha na tramu zilizochoka, na Mtaa wa Yonge ulikuwa umeziba. Tarehe 1 Januari 1946 wakazi wakaulizwa kwa kura ya maoni: mnataka reli ya chini ya ardhi? Karibu watu 9 katika kila 10 waliopiga kura wakasema ndiyo.

Walisema ndiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa chini ya Yonge, kwa treni za kweli. Ya pili ilikuwa ya Queen, na hapo naomba msikilize vizuri, kwa sababu ndipo penye kiini: njia ya Queen ilipangwa iwe ya tramu. Tramu zilezile za barabarani zingeingia handakini katikati ya mji, zipite chini ya msongamano, kisha zitoke tena juu upande wa pili na kuendelea na safari.

Kura ile ilikuwa na sharti. Ilisema serikali ya shirikisho kule Ottawa ilipe sehemu moja ya tano ya gharama. Sisi tunasema ahadi ni deni, lakini hii haikuwa hata ahadi, ilikuwa matumaini yaliyoandikwa kwenye karatasi ya kura. Fedha za Ottawa hazikuja. Jiji likabaki na mfuko wa njia moja na ramani ya njia mbili. Likachagua Yonge. Kazi ikaanza Septemba 1949, na tarehe 30 Machi 1954 treni zikaanza kwenda kutoka Union hadi Eglinton, vituo 12.

Sasa, ikiwa fedha zilikuwa za njia moja, ule ukumbi wa chini ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye hesabu ya wachimbaji, na hesabu yenyewe ni nzuri. Yonge katikati ya mji ilijengwa kwa kuchimba na kufunika. Kwanza unahamisha mabomba ya maji, maji taka, gesi, nyaya za umeme na za simu, kazi ambayo peke yake inaweza kula miezi. Kisha unashindilia nguzo za chuma pande zote mbili za barabara. Juu yake unalaza maboriti ya chuma, na juu ya maboriti unapanga mbao nene. Tramu na magari yanarudi kupita juu ya mbao, na wewe unaendelea kuchimba chini yao, ukikaza kuta kadiri unavyoshuka. Ukifika chini unamwaga sakafu ya zege, kuta, halafu paa, unafukia, na barabara inarudi.

Shimo likishakuwa wazi, kushuka mita chache zaidi ni gharama ndogo. Nguzo zipo, pampu zipo, mafundi wapo. Lakini subiri treni zianze kupita ndipo uje kuchimba chini yake! Hapo lazima kituo kilicho juu kishikiliwe na nguzo mpya kabla hujatoa udongo, upime kila siku kama kimezama hata kwa milimita, na kazi kubwa uifanye bila kusimamisha maelfu ya abiria. Kwa hiyo wahandisi wa 1949 walipofika Queen walishuka zaidi, wakajenga ganda la kituo cha pili, wakalifunga. Walifanya jambo la busara. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani waliotutangulia walikuwa wajinga.

Kosa lao ni dogo na limejificha. Waliacha umbo. Mngekuwa na ramani ya ule ukumbi mikononi mngeiona tramu ya miaka ya 1940 ndani yake hata kama haikuchorwa. Tramu za Toronto za wakati ule, aina ya PCC, zilikuwa na urefu wa mita 14 hivi, na dereva upande mmoja tu. Milango ilikuwa upande wa kulia peke yake. Tramu ya namna hiyo haiwezi kurudi kinyumenyume na abiria. Inahitaji kitanzi cha kugeuzia kila mwisho wa safari. Ina nguzo ya umeme juu ya paa, kwa hiyo inataka dari la kimo fulani. Ukishayajua hayo umeshapangiwa majukwaa yakae wapi, yawe marefu kiasi gani, na dari liwe juu kiasi gani. Zege lilipokauka, likakauka na tramu ndani yake.

Halafu mji ukahama. Mwaka uleule wa 1954 jiji na vitongoji vyake viliunganishwa chini ya baraza moja la Metropolitan Toronto. Nyumba zikaota kaskazini, magharibi na mashariki, mbali na Queen. Watu wengi walikuwa wanavuka mji kwa Bloor na Danforth, na tramu za huko zilikuwa zimefurika. Reli ya mashariki na magharibi ikapelekwa Bloor, ikafunguliwa Februari 1966 kutoka Keele hadi Woodbine. Queen ikabaki kwenye ramani za maofisini. Miaka ya 1980 ikafufuliwa kwa jina jingine, njia ya kupunguza msongamano wa katikati ya mji, kisha ikawekwa tena kabatini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa waliosubiri ni abiria wa vizazi vitatu.

Ndugu zangu, nataka sasa tuende darajani, kwa sababu kuna jambo zuri la kujifunza pale.

Mnaopanda treni ya Bloor-Danforth mnajua: ukitoka Castle Frank kwenda Broadview, ghafla mwanga unaingia. Treni iko angani. Chini kabisa kuna mto Don, barabara kuu na miti. Magari yako juu yako, kwenye sakafu ya pili. Lile ni Prince Edward Viaduct. Lilifunguliwa mwaka 1918. Reli ya chini ya ardhi ya kwanza ya mji huu ilikuwa bado miaka 36 mbele. Lakini kamishna wa kazi za umma wa jiji, R. C. Harris, na msanifu Edmund Burke walihakikisha daraja lina sakafu ya chini kwa ajili ya treni ambazo hakuna aliyeziona. Wapo walionung'unika kuhusu gharama. Nani anajengea treni isiyokuwapo?

Miaka 48 baadaye, 1966, treni zikapita pale. Hakuna aliyelazimika kujenga daraja jipya la bonde la Don. Nusu karne ya kusubiri, na chuma kilikuwa tayari.

Kwa nini daraja lilifaulu na ukumbi wa Queen ukashindwa? Vyote viwili vilijengwa na watu waliotazama mbele. Kwanza, bonde halihami. Nyumba zikienda kaskazini, biashara zikienda magharibi, mtu wa Danforth bado atalazimika kuvuka mto Don, na mahali pa kuvukia ni pale. Mtaa wa Queen haukuwa na ulazima wa namna hiyo. Pili, na hili ndilo kubwa: Burke na Harris waliacha nguvu na nafasi. Chuma chenye uwezo wa kubeba uzito, na uwazi wa kupita. Hawakujenga jukwaa, hawakuamua milango ya treni iwe upande gani.

Na ushahidi uko kwenye daraja hilohilo! Daraja lina sehemu ya pili, fupi, inayovuka bonde la Rosedale upande wa magharibi. Nayo ilikuwa na sakafu ya chini kwa ajili ya treni. Lakini kona ya kuingilia pale ilikuwa kali kupita kiasi kwa treni za miaka ya 1960. Haikutumika. TTC ilijenga daraja jingine, lililofunikwa, pembeni yake, kati ya Sherbourne na Castle Frank. Tazameni: watu walewale, daraja lilelile, chuma kilekile. Palipoachwa nafasi pana, treni ilipita. Palipokuwa na kona iliyokwisha kuamuliwa, treni ilizunguka.

Rudieni nami: acheni nafasi, msiache umbo. Asanteni.

Kuna mifano mingine nitaipita upesi. Kituo cha Bay kina jukwaa la chini ambalo lilitumika miezi 6 tu mwaka 1966, wakati treni za Bloor na za Yonge zilipokuwa zikichanganywa. Abiria wa Bay alisimama kwenye ngazi asijue treni yake inayofuata itaingia juu au chini, na treni moja ikichelewa mahali popote, mji mzima unachelewa. Mpango ukaachwa. Lakini reli zilibaki, zimeungana na njia nyingine, kwa hiyo hadi leo mahali pale panafaa: kuhamisha treni, kufundisha madereva, hata kukodisha kwa wapiga filamu. Bay ya Chini ina reli inayokwenda mahali. Queen ya Chini haina.

Kwenye njia ya Sheppard nako walifanya jambo zuri. Njia ile ilipangwa kufika Scarborough. Ilipofunguliwa Novemba 2002 iliishia Don Mills, vituo 5. Treni zake ni za mabehewa 4, lakini mapango ya vituo yalichimbwa kwa urefu wa mabehewa 6, na kipande cha ziada kikazibwa kwa ukuta. Siku abiria watakapoongezeka, wanabomoa ukuta na kuweka vigae. Hawatagusa barabara. Hiyo ndiyo nafasi ninayoizungumza.

Eglinton Magharibi inauma kuitaja. Kazi ilianza 1994. Mwaka 1995 serikali mpya ya jimbo la Ontario, ya Mike Harris, ikaisimamisha, na shimo lililokwisha kuchimbwa karibu na Barabara ya Allen likafukiwa. Likafukiwa! Mji ulilipa kuchimba, ukalipa kufukia, na mwaka 2011 ukaanza kulipa tena kuijengea Eglinton reli nyepesi. Wengi wenu mnakaa au mna maduka Eglinton, mnajua vumbi na vizuizi vilivyofuata. Kati ya kuendelea na kufukia kulikuwa na njia ya tatu: kukamilisha zege la pale palipochimbwa, kulifunga vizuri, kuweka pampu ya maji, kuhifadhi michoro. Inagharimu, ndiyo. Lakini udongo uliorudishwa shimoni haumwachii anayekuja baadaye kitu chochote.

Sasa turudi Queen, tumalizie pale tulipoanzia.

Mwaka 2019 jimbo lilitangaza reli mpya, Ontario Line: kilomita 15.6, vituo 15, kutoka Exhibition, kupita katikati ya mji, kuvuka Don, hadi Eglinton kwenye kona ya Don Mills. Queen na Yonge ni kituo cha kubadilishia. Tangu Mei 2023 Mtaa wa Queen umefungwa kati ya Bay na Victoria, na tramu ya 501, ile ambayo handaki lilikusudiwa kuibeba, inazungushwa mitaa mingine. Mlipoambiwa barabara itafungwa karibu miaka minne na nusu, wengi waliuliza swali zuri sana: si kuna kituo pale chini tayari?

Kipo. Haya ndiyo yanayokizuia.

La kwanza ni kina. Queen ya Chini iko mara tu chini ya reli ya Yonge, ndani ya udongo. Mahandaki ya Ontario Line katikati ya mji yanachimbwa chini zaidi, ndani ya mwamba, kwa mashine za kutoboa. Mashine hizo zinataka tabaka la kutosha juu yake. Kanuni ya jumla ya wachimbaji ni angalau kimo sawa na kipenyo cha handaki lenyewe. Ukitaka kuingia kwenye ukumbi wa zamani lazima upande juu kutoka kwenye mwamba, upite katikati ya misingi ya majengo na mabomba, kisha ushuke tena. Ungelazimika kuufumua Mtaa wa Queen kwa urefu mkubwa kuliko uliofumuliwa sasa.

La pili ni ukumbi wenyewe. Ulipimwa kwa tramu za mita 14. Treni mpya haina dereva na majukwaani kuna milango ya vioo inayofunguka sambamba na milango ya treni, kwa hiyo jukwaa halivumilii kupinda wala kupungua. Ongeza lifti kwa wenye ulemavu, ngazi za umeme, njia za kutokea moto ukizuka, mashine za kuvuta moshi. Mwaka 1949 hayo mengi hayakuwa sharti.

La tatu ni upana wa reli. Hili Watanzania mtanielewa haraka. Mnakumbuka Kidatu, pale reli zetu mbili zinapokutana? TAZARA ina upana wa milimita 1,067, reli ya kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67, na mzigo lazima ushushwe upakiwe upya. Toronto nayo ina upana wake wa pekee, milimita 1,495, kwa tramu na kwa treni za Yonge. Ontario Line inatumia milimita 1,435, kama SGR. Reli ingeweza kulazwa upya, hilo si tatizo kubwa. Lakini kila kitu kilichopimwa kutoka katikati ya reli, ukingo wa jukwaa, ukuta, nguzo, kinakuja na hesabu mpya.

Kwa hiyo ile kazi waliyotaka kuikwepa wahandisi wa 1949, kuchimba chini ya kituo kinachofanya kazi, ndiyo inayofanyika sasa hivi. Chini ya kituo chenyewe na chini ya ganda lake.

Vijana, na hasa ninyi mnaosomea uhandisi na mipango miji: mikutano ya hadhara kuhusu reli hufanyika mara kwa mara, na viti vya watu wetu huwa vitupu. Nendeni. Msiridhike na picha nzuri ya kituo chenye miti. Ulizeni mambo haya. Njia hii ikiongezwa baadaye, handaki la mwisho limeachwa limenyooka kiasi gani kupita jukwaa, na je, kuna msingi wa jengo au bomba kuu la maji mbele yake? Ukuta wa mwisho umejengwa kwa zege la kubomoka, lile ambalo chuma chake kimepangwa ili litobolewe bila kutikisa paa, au umefungwa tu? Eneo la juu limewekwa kwenye hifadhi ya reli kisheria, ili mtu asijejenga ghorofa 50 yenye nguzo zinazoshuka hadi kwenye njia? Na michoro ya kile kilichojengwa kweli, siyo kilichokusudiwa, inatunzwa na nani? Ukijibiwa swali hilo la mwisho kwa kigugumizi, simama uulize tena. Chumba kilichofungwa bila michoro, miaka 40 baadaye ni pango tu; mhandisi anayekuja lazima atoboe ukuta ajue upande wa pili kuna nini.

Na ninyi mliopanga nyumba na maduka Eglinton, Queen na Danforth, ulizeni pia hili: fedha za kipande cha pili zimetengwa, au zimeandikwa kwa "ikiwa"? Watu wa 1946 walipiga kura kwa wingi mkubwa, lakini "ikiwa" moja ilitosha.

Nimesema vya kutosha. Kituo cha Queen kiko dakika chache kutoka hapa, na wapo waliosema wanataka tukaone ile njia ya chini kwa macho. Tutashuka kwa makundi ya watu sita sita tusizibe ngazi, na tukifika katikati tutasimama kando ya ukuta, tusikilize treni za juu zikipita. Kabla ya hapo tuna muda wa maswali. Mama, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja Eglinton. Karibu.